Ndege ya Baba Ilivyojinyoosha Yenyewe

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi yangu na watoto, na kwamba mgongo umekuachia tangu mhamie ile nyumba ya ghorofani isiyo na lifti. Sisi hatujambo. Mama kikohozi kimemtoka, sasa amerudia kazi yake ya kubishana na redio. Mimi bado niko karakana, nashona viti vya magari, na vidole vimejaa matundu kama unavyovijua.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungeniuliza swali lako lilelile nami ningekudanganya tena. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Ni habari ya ule mchezo wa ndege za kivita uliomtumia Baba, pamoja na usukani na pedali zake. Unajua alivyoupokea. Mtu aliyefundisha marubani wa kikosi cha anga mpaka sauti ikamkauka, akapata ndege tena, japo ya kwenye kompyuta. Kila Jumamosi nilikuwa navuta kiti nakaa kando yake kumwangalia.

Jumamosi moja mwezi wa kwanza, adui alikuwa amemkalia nyuma. Baba akakata kona kali, akavuta usukani kupita kiasi. Ndege ikapoteza mwendo, ikaanza kuanguka huku ikizunguka kama pia. Mimi nikatulia tu, maana kuitoa ndege kwenye hali ile ndilo lilikuwa somo lake miaka yote. Lakini Baba aliendelea kuvuta. Akakanyaga pedali hii, akakanyaga ile, akavuta tena, mpaka ardhi ikatufikia. Akaanza upya, yakawa yaleyale. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hapa huwa tunafanyaje?"

Kaka, nilikuwa nimeshaona mengine. Alikuwa ametia chumvi kwenye chai, na siku moja alipotea njia akienda kwa kinyozi wake wa siku zote. Nikawa najisemea ni uzee tu. Siku ile nikakosa pa kujificha.

Badala ya kukwambia, nikafanya ujinga. Alipoingia kuoga, nilifungua mipangilio ya mchezo nikawasha msaada wa wanaoanza kujifunza. Ukiuwasha, ndege ikianza kuzunguka, kompyuta inaitoa yenyewe. Wiki iliyofuata ikaanguka, ikazunguka, ikanyooka. Baba akajipiga paja. "Umeona? Kitu hiki hakisahauliki."

Akakupigia simu palepale kukusimulia. Ulicheka sana, nilikusikia. Halafu ukaomba uongee nami, ukaniuliza, "Kichwa cha Baba kiko sawa? Nataka kumkatia tiketi aje peke yake, na njiani atabadilisha ndege mara mbili."

Nikakujibu, "Yuko sawa kabisa, wewe kata tu."

Tangu hapo jibu hilo limenikaa kooni. Nikiwa kwenye cherehani namwona akizurura kwenye kiwanja cha ndege cha watu, na begi lake, hajui aingie mlango upi, na mimi ndiye niliyempeleka. Hata hivyo nilinyamaza. Nilijiambia namlindia furaha yake. Ukweli ni kwamba nilipenda kujiona mimi ndiye niliyemrudishia.

Jana nikaumbuka. Ndege ilikuwa katikati ya kuzunguka, Baba akashikwa na chafya, akaachia kila kitu kutafuta leso. Ndege ikajinyoosha yenyewe. Akabaki ameishika leso, anaitazama skrini.

"Sikugusa kitu," akasema.

Akaweka leso mezani, akanitazama.

"Nani ameweka msaada humu?"

"Mimi, Baba."

"Kaka yako anajua?"

"Hajui."

Hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu. Alizima kompyuta, akatoka nje kukaa na Mama. Nikabaki peke yangu mbele ya zile pedali, nalia kama mtoto.

Baadaye akarudi, akaketi. "Toa huo msaada wako. Kisha nisomee maelekezo. Maneno yamenitoka, lakini huenda miguu bado inajua."

Basi nikawa namsomea kutoka kwenye maelezo ya mchezo: punguza injini, weka usukani katikati, kanyaga pedali ya upande ulio kinyume na mzunguko, sukuma usukani mbele. Tulianguka, tukaanguka tena. Mara mbili alininyamazisha kwa hasira, kisha akaniomba nisome. Halafu safari moja nikapoteza mstari. Nilipokuwa natafuta nilipoishia, mguu wake ulikuwa umeshakanyaga. Mzunguko ukakoma. Akaachia pedali, akasubiri mwendo urudi, akaiinua pua polepole.

Akasema, "Mwandikie kaka yako. Mwambie yote. Tiketi asikate, au akate mbili tuje wote wawili. Na mwambie hii ya leo nimeitoa mwenyewe."

Jumatano nampeleka kwa daktari, na safari hii utasikia kila atakachosema. Nisamehe, Kaka. Wewe uko mbali, macho yako huku yalikuwa mimi, nami niliyafumba.

Nisalimie wifi, na Kishindo na mdogo wake, waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakubusu. Mungu akutunze huko uliko, na akupe moyo mpole ukimaliza kusoma.

Najua kwa sasa neno langu halina uzito kwako. Lakini mguu wake ulitangulia sauti yangu, niliuona kwa macho yangu. Mpigie simu akusimulie mwenyewe, na ukimsikia anasitasita, usimmalizie sentensi.

Mdogo wako akupendaye, na anayeona haya,
Sindano