Mbegu Nilizozidhani Dengu

Nieves na Rufino, wanangu,

Mjinga wa leo ni mimi. Mama yenu aliloweka mbegu za kapuchina, yale maua mekundu ya kachumbari, nami nikazidhani dengu. Nimezipika supu. Zilikuwa za mwisho alizoachiwa na bibi yenu.

Nakwenda kumwomba mbegu mama yenu mkubwa, Hermelinda; naye bibi yenu alimwachia. Hatujasalimiana tangu maboga yake yayashinde yangu sokoni, lakini leo nitabisha hodi hata akinifungulia mbwa. Nitarudi ~~jioni~~ nikizipata.

Mwagilieni lile tuta tupu. Kuku wasiliparue. Supu iliyobaki msimwonyeshe mama yenu!

Baba yenu

Nimesahau: nilijitetea, “Mama Nieves, kwani maua haya si ya kuliwa?”

Akasema, “Ya kuliwa, Fidencio. Yakishachanua.”