Meno ya Juu ya Kageha

Subukia, Jumapili 12 Juni 1955. Mwezi wa nane tangu nitoke Maragoli.

Nimechoka, na leo si kwa sababu ya jembe. Adagala, ndugu ya mke wangu, amefika hapa shambani kutafuta kazi. Nikamuuliza habari ya binti yangu Kageha.

"Ameota meno," akasema. "Ya juu yametangulia."

Kwetu mtoto wa hivyo hatolewi nje mpaka baba yake alete kondoo wa kuondoa mkosi, la sivyo mahindi yatakauka. Mama yangu amemfungia jikoni. Moshi umempa kikohozi, hata usiku halali.

Nikafungua mdomo, nikamwonyesha Adagala chonge langu. Limebadilishana mahali na gego, likaota nyuma yake. "Mama alinilea na hili, na tulivuna kila mwaka."

"Lako halionekani ukicheka, shemeji. Yake yanaonekana."

Kondoo sina. Mkosi siujui, lakini kile kikohozi...

Tikiti yangu ya kazi, ile ya siku thelathini, itajaa Ijumaa nilipwe. Jumamosi napanda gari-moshi Nakuru. Jumapili nitamtoa mtoto nje mwenyewe, mchana, Mama akiona.