Aliyemwogesha Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wanangu wote hapo nyumbani. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Shemeji aliandika kwamba sasa unaweza kutembea hadi mlangoni na kurudi bila fimbo, nami nikamshukuru Mungu. Usijilaumu hata kidogo kwamba hukuweza kuja kumzika Mama. Mguu haukopeshwi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Cherehani yangu bado inadai mafuta kila wiki kama mtoto anayeachishwa ziwa, na jirani yetu Redio angali hewani asubuhi na jioni, habari zote bila matangazo ya biashara.

Katika barua yako ya mwisho ulinishukuru. Ulisema kwamba kati ya watoto wote wa Mama, mimi mdogo ndiye niliyembeba, na kwamba Mungu ameziona kazi za mikono yangu. Barua hiyo niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaiweka chini ya boksi la vifungo. Ina wiki tano sasa. Nimeshindwa kuijibu kwa sababu jibu lake ni hili ninaloliandika leo, na naomba uketi kabla hujaendelea.

Unakumbuka kwamba kiharusi kilimpiga Mama upande wote wa kulia, na ulimi ukawa mzito. Hospitali walimlaza wiki tatu, kisha wakanikabidhi nimtunze nyumbani. Mimi nilidhani kumtunza mzazi ni upendo tu, na upendo ninao. Siku ya tatu ilibidi nimwogeshe na kumbadilisha nguo baada ya haja kubwa. Nilifunga kitambaa puani. Nilipomgeuza, nilikimbilia uani, nikatapika karibu na kamba ya nguo. Niliporudi nilimkuta amegeuzia uso wake ukutani. Dada, Mama alikuwa ananisikia. Akili yake ilikuwa nzima kama yangu na yako.

Kesho yake mtu alibisha hodi. Alikuwa wifi yetu, mjane wa marehemu kaka.

Najua umeshtuka. Miaka sita hatukuwa tumemtaja. Kumbe anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na siku moja alipokwenda wodini kuchukua mashuka machafu alimkuta Mama kitandani. Hakujitokeza kwetu. Alisubiri mpaka Mama aruhusiwe, ndipo akaja kuniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama ningemruhusu awe anapita kila siku akitoka zamu ya asubuhi, amsaidie mama yake kuoga. Alisema hivyo, mama yake.

Nilikubali upesi mno. Lakini nilimwekea sharti: apitie mlango wa uani, na asikae wageni wanapokuja. Nilimwambia kwamba wewe ungeudhika ukisikia, na kwamba watu wa kanisani wangeuliza maswali. Hakubisha. Alivua viatu, akauliza beseni liko wapi.

Miezi saba, Dada. Alikuwa anapima maji kwa kiwiko kama anayeogesha kichanga. Akiosha mkono, mguu uko chini ya shuka; akifika mguuni, mkono umeshafunikwa, Mama asilale uchi hata dakika moja. Kabla ya kumgeuza alikuwa anamwomba ruhusa, kila mara, ingawa Mama alihitaji muda mrefu kulitoa neno moja la kumjibu. Vidonda vya mgongoni alivyotoka navyo hospitali vilikauka. Mimi wakati huo nilikuwa chumba cha mbele, nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie. Na mara nyingine nilisikia Mama anacheka, kicheko chake kile cha upande mmoja, nikaona wivu.

Wamama wa kanisa walipokuja kuona mgonjwa walimkuta ananukia sabuni, mashuka yamenyooka. Wakanisifu. Mara ya kwanza nilitaka kusema, neno likakwama. Mara ya pili halikukwama, nililimeza. Mara ya tatu niliwaeleza jinsi ya kupima maji kwa kiwiko.

Sasa nikueleze siku aliyofariki, maana nilikuandikia kwamba aliondoka kwa amani mikononi mwangu.

Ilikuwa Alhamisi. Mama Mwenyekiti wa wamama alikuwa ameleta taarifa kwamba watakuja saa tisa, wao na mchungaji, kumsomea Mama neno. Wifi kwa kawaida alikuwa anafika saa nane. Siku hiyo alipobisha uani nilimzuia palepale kizingitini. Niliogopa yeye na Mama watachelewa kumaliza, wageni wamkute na beseni mkononi, na ukweli ujulikane. Nikamwambia kwamba nimekwisha kumwogesha mwenyewe, apumzike leo, arudi kesho. Mama akaisikia sauti yake. Akaita kutoka ndani, kwa shida, akilivuta lile neno kipande kipande: mkamwana. Wifi akanitazama. Akaniambia labda anaitwa. Nikamjibu kwamba Mama siku hizi anaita ovyo.

Mama hakuwa anaita ovyo. Tangu asubuhi alikuwa akiniashiria kwamba ana jambo la kumwambia mkamwana wake, na nilikuwa nimemwelewa vizuri sana.

Wageni walifika. Mama alikuwa ameshajichafua, nami nilikuwa nimemvutia blanketi hadi kidevuni na kufungua dirisha. Walisoma, wakaomba sala fupi, wakaaga mapema. Nikajiambia kwamba nitangoja kesho, wifi atakuja. Nikarudi kwenye cherehani kumalizia sare za kwaya. Saa kumi na mbili jioni nilipompelekea uji, alikuwa amekwisha kwenda. Alikufa hivyo hivyo, Dada, katika uchafu, na binti yake yuko chumba cha pili anashona kola nyeupe.

Nilikimbia mwenyewe kumwita wifi. Alipofunua blanketi aliona yote, na mimi nilijua kwamba ameona uongo wangu wa saa nane. Alilikunja blanketi, akaliweka pembeni. Kisha akasema bila kunigeukia, "Wifi, nenda ukachemshe maji."

Akamwosha peke yake. Kabla ya kumgeuza, nilimsikia anamwomba ruhusa.

Siku ya mazishi mchungaji alisema mbele ya umati kwamba Bwana wetu alijifunga kitambaa kiunoni akaosha miguu ya wanafunzi wake, na kwamba leo tunaye kati yetu binti aliyefuata mfano huo kwa mikono yake miwili. Watu wakaitikia amina. Redio alilia hadi akashikiliwa na watu wawili. Mimi niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Wifi alikuwa nyuma ya nyumba, anasugua masufuria ya msiba.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwake. Anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, kitanda, jiko na Biblia isiyo na jalada. Nilipiga magoti sakafuni nikamwomba msamaha, kwa ajili ya Alhamisi ile na kwa ajili ya mlango wa uani. Aliniinua. Nikamuuliza kwa nini alikuja, baada ya yote tuliyomtendea. Hakutaka kusema. Nilimng'ang'ania, ndipo akanieleza.

Mwaka wa pili wa ndoa yake, kaka akiwa safarini, mimba yake ya miezi mitano iliharibika. Mama alikaa naye chumbani siku nne. Alimwosha damu, akafua vitambaa kwa mkono wake na kuvianika ndani ili sisi mabinti tusivione. Mama mwenyewe ndiye aliyemzika mtoto. Wifi alimsihi asimwambie mtu, maana aliona aibu, na Mama akaapa.

Kwa hiyo, Dada, siku tulipomzika kaka, uliposimama mbele ya wafiwa ukamwita tasa, mti wa kukatwa, na mimi nikabeba sanduku lake nikalitupa barabarani, Mama alikuwa ameketi pale mkekani na alikuwa anajua. Alinyamaza kwa sababu ya kiapo. Nadhani pia alituogopa, sisi wanawe. Na nadhani, ingawa sitapata kujua kamwe, kwamba msamaha wa kunyamaza huko ndio aliotaka kumwomba mkamwana wake Alhamisi ile.

Nilipomwambia wifi jinsi Mama alivyokuwa akimwita tangu asubuhi, hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa ajili ya sanduku wala kwa ajili ya neno tasa. Alisema, "Angeniambia nini? Mimi nilikuwa nimeshamsamehe. Nilitaka tu kumsikia."

Nilimwendea mchungaji, nikamwambia nataka kusimama kanisani. Alinishauri niliache, kwamba marehemu amezikwa vizuri na Mungu amesikia. Nilimjibu kwamba waliosema amina ni watu, wasikie nao. Jumapili iliyopita nilisimama, nikasema yote kama nilivyokuandikia, isipokuwa siri ya mimba ya wifi. Hakuna aliyeitikia kitu. Mama Mwenyekiti alipita mlangoni bila kunipa mkono, na kwaya wamepeleka sare zao kwa fundi mwingine. Redio peke yake alinisindikiza nyumbani, na njia nzima hakutamka neno.

Wifi hakuwepo kanisani. Alikuwa zamu, anafua mashuka ya wodi. Nilipita kwake jioni nikamweleza kwamba nimesema. Alinitazama, akaniuliza kama nimekula.

Dada, wewe ni mkubwa wangu na sina adabu ya kukuelekeza. Lakini maneno yale ya siku ya kumzika kaka tuliyasema wawili, wewe kwa kinywa na mimi kwa mikono. Yangu nimeyatubu, nimeyaokota barabarani mbele ya watu. Yako siwezi kukuokotea. Goti likipona, njoo. Nitakuonyesha njia ya kwake.

Nisalimie shemeji, na uwabusu wanangu mmoja mmoja. Mungu akutie nguvu za mguu na za moyo.

Ni mimi mdogo wako uliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano,

Fundi