Salamu ya Hamisi kwenye Filamu ya Maroboti

Jumapili, baada ya magharibi

Binti yangu Zuhura ameniwekea tena zile filamu za maroboti, ila za Kiingereza.

"Mama, hizi ndiyo zinaonekana vizuri."

"Niwekee za kaka yako."

Maana Hamisi wangu ndiye aliyezitafsiri kwa sauti yake. Mtaa wetu wote wa Mwembesongo hakuna aliyemfikia, nasema kweli. Roboti likianguka alililiza kwa Kiluguru, watu hoi kwa kicheko.

Kwenye ya tatu, daraja likilipuka, anaacha hadithi na kunisalimia: "Mama yangu uliyeko nyumbani, shikamoo!" Tangu tumzike sijathubutu kuitazama.

Leo nimeitaka hiyo hiyo, na sidii ikakwama pale pale, kwenye "Mama yangu..." Zuhura akainuka aizime.

Nikamwambia amwache kaka yake. Nikaitikia marahaba.