Tangulia, Niko Nyuma

Kamalondo, 7 Julai 2024

Mpendwa Mjomba Kalenga,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yako bado yanakuruhusu kufika shambani. Sisi huku tunapumua, na mashini yangu ya kushona haijanigomea.

Ninaandika kwa sababu ya mama. Tangu tulipomzika baba mwezi jana, hajasema neno. Si kwamba analia. Anaswali, anakula kidogo, anapokea pole za watu kwa kichwa, kisha anaketi mkekani akitazama ukuta. Munganga wa hospitali alimpima koo akasema halina kitu. Shangazi Amida, dada ya baba, anasema tumwache: mjane yuko ndani ya eda, haendi popote mpaka miezi minne na siku kumi zitimie, na kimya chake ni heshima. Lakini mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Hicho si kimya cha heshima. Mimi ni mtoto wake pekee, na hata jina langu haliiti tena. Nikimpa chai, anaipokea kama amepewa na mgeni.

Wewe ni kaka yake pekee aliyebaki. Huko Lukafu telefone haishiki mtandao, basi rekodi sauti yako kwenye karte ndogo ya telefone, umpe Mwenya, dereva wa kamio, lile lori linaloleta mjini makala ya kupikia. Sema chochote. Pengine sauti ya kwao itamfikia.

Mpwa wako,
Ramla

*

Lukafu, 21 Julai 2024

Mpwa wangu Ramla,

Nakusalimu, wewe na mama yako, na Amida pia, ambaye najua ataisoma barua hii kabla yako. Mimi mzima. Magoti ni ya mwalimu aliyesimama mbele ya ubao maisha yake yote; hayana habari mpya.

Nilirekodi sauti yangu kama ulivyoomba. Niliposikiliza, nikamsikia mzee anayetoa somo. Nikafuta. Asubuhi iliyofuata nilibeba telefone mpaka kwenye msitu ulio nyuma ya shamba la mihogo, nikaiweka juu ya kisiki, nikaenda zangu. Kilichomo ndani ya karte ni msitu wenyewe: njiwa, nyuki, nyani wanaogombana mbali, na karibu na mwisho, ndege wa asali.

Usidhani mjomba wako amezeeka vibaya. Nitakueleza. Mtu wa mjini anasema porini kuna kimya. Sivyo. Porini, kimya ndicho kinachotisha. Chui akipita, ndege wanafunga midomo na kila mnyama anasimama kusikiliza. Wakianza tena kuimba, kila kiumbe chenye masikio kinajua kwamba hatari imepita. Mwili wetu ulijifunza somo hilo kabla ya shule kuwepo, na haujalisahau. Nafikiri kwa mama yako, tangu siku ya maziko, chui bado anapita. Kamalondo ina sauti nyingi, pikipiki, baa, mashini zenu, lakini hakuna hata moja inayomwambia kwamba sasa anaweza kupumua.

Huyo ndege wa asali ni mdogo, wa kijivu, si rahisi kumwona. Sauti yake ni kama mbegu kavu zinazotikiswa ndani ya kibuyu. Humwita mtu, huruka mti hadi mti, mpaka kwenye nyuki, kwa maana yeye mwenyewe hawezi kupasua mti. Mtu anachukua asali, ndege anaachiwa nta. Mimi na mama yako tulimfuata tangu utoto wetu. Yeye ndiye aliyemjibu daima. Midomo yangu haikujua kupiga mluzi.

Mpe asikilize peke yake, asubuhi.

Mjomba wako,
Kalenga

*

Kamalondo, 4 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe? Sisi, sijui hata niseme nini.

Nilifanya ulivyoagiza, ila si peke yake. Nyumba ya msiba haina peke yake. Shangazi alikuwepo, pamoja na majirani wawili waliokuja kutusaidia kuchambua maharage. Njiwa waliimba, nyuki wakavuma, majirani wakauliza hiyo ni redio gani. Mama akainua kichwa. Nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu anayetua ndoo. Kisha yule ndege akalia, na mama akapiga mluzi.

Mwanamke, Mjomba, ndani ya nyumba ya eda. Maharage yalimwagika yote. Lakini hilo tungelicheka siku moja. Baada ya mluzi, mama akatazama mlangoni na kusema, wazi kabisa: "Tangulia, niko nyuma."

Neno lake la kwanza tangu maziko. Unajua sisi tukifika makaburini tunawasalimia waliolala, tunawaambia wametutangulia nasi tutawafuata. Shangazi alinivuta jikoni, machozi yakimtiririka. "Ramla, haiko ndege," akaniambia. "Iko nasema na Djafari, ndugu yangu. Iko namwambia baba yako atangulie, yeye iko nakuya nyuma."

Shangazi ameificha karte. Tangu hapo mama amerudia ukuta wake, na uji anauacha nusu. Nimekwisha kumpoteza baba. Niambie ukweli, Mjomba: mama anataka kufa?

Mpwa wako,
Ramla

*

Lukafu, 18 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Keti kwanza, unywe maji, ndipo usome.

Nilieleza chui, nikaeleza nta, nikasahau maneno. Ndiyo tabia ya walimu. Ndege wa asali akikuita, unampigia mluzi, kisha unamwambia: tangulia, niko nyuma. Kila familia ina maneno yake, na haya ni ya baba yetu. Wenzake walimsemesha ndege kwa lugha ya kwao. Baba alisema ndege hana kabila, anaruka kote, kwa hiyo yeye atamsemesha Kiswahili. Kijiji kizima kilimcheka, na asali alipata kama wengine. Mama yako hakuwa akisema na marehemu. Alikuwa akiitika wito.

Lakini sitakudanganya. Mtu aliyefiwa anaweza kusema neno moja na kuwaambia wawili. Ndiyo maana kuna jambo la pili. Kwetu, aliyejibu sharti afuate. Wazee wanasema ukimjibu ndege ukabaki umekaa, siku nyingine atakupeleka kwa nyoka. Nyoka namwachia Amida amfikirie. Lakini hayo mengine siyacheki. Mtu akiitika wito akabaki amekaa, kitu ndani yake kinazimika, na nafikiri ndicho unachokiona ukutani.

Eda ifuatwe mpaka mwisho. Baba yako anastahili, na mama yako ndiye wa kwanza anayetaka hivyo. Rudisheni karte, asikilize kila asubuhi. Eda ikiisha, mleteni kabla ya mvua.

Mjomba wako,
Kalenga

*

Kamalondo, 20 Oktoba 2024

Mpendwa Mjomba,

Asalaam aleikum. Barua hii inafika pamoja nao. Mama ameketi mbele na Mwenya, na Shangazi Amida kati yao. Ndiye aliyefunga mizigo, akisema hawezi kumwacha wifi yake porini na watu wanaoongea na ndege.

Karte mama alirudishiwa. Kila asubuhi aliisikiliza, akapiga mluzi wake polepole, akasema maneno yale, akanywa uji wote. Neno lingine hakusema. Mimi nimebaki, nguo za harusi ya watu zinanisubiri mashinini.

Nikwambie ninachoogopa. Ninaogopa huko atakumbuka kila kitu isipokuwa mimi. Ndege anamjibu. Mimi namwita "mama" tangu Juni, na hajaniitika.

Mpwa wako,
Ramla

*

Lukafu, 3 Novemba 2024

Mpwa wangu Ramla,

Nakusalimu. Walishuka salama, mama yako na vumbi lake, shangazi yako na malalamiko yake. Bukari ya unga wa mihogo wanakula wote wawili.

Mwanzoni alikaa kimya hapa pia, nami sikumuuliza kitu. Mgonjwa wa namna hii anawekwa mahali ambapo wengine wanasema. Asubuhi alisikiliza njiwa, jioni vyura wa mtoni, akitikisa kichwa kidogo, kama mwalimu anayesahihisha na kukuta jibu ni sawa.

Juzi ndege akaja. Mama yako alisimama kabla yangu, akapiga mluzi, akasema maneno ya baba, akatembea. Sisi tukafuata, Amida viatu mkononi, akiniuliza ndege huyu ni wa dini gani. Tulifika kwenye mti wenye ufa. Nikawasha moshi, nikapasua, na nyuki, kati ya watu wote, wakamchagua Amida. Leo anatazama kwa jicho moja. Mama yako alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake huanzia puani.

Kisha akagawa. Kipande cha kwanza aliweka juu ya jani. "Hii ya ndege," akasema. Akakata kingine, kikubwa, akakifunga katika jani lingine. "Hii ya Ramla."

Sijaongeza kitu: telefone ilikuwa ikirekodi mfukoni mwangu, na yote yamo ndani ya karte ninayokutumia. Nilitaka kukutumia jani lako kwa Mwenya. Mama yako alikataa kwa kichwa, akaliweka juu ya dari, karibu na moshi. Hasemi atarudi lini. Nikimuuliza, anatazama msitu. Mvua ya kwanza imenyesha, na Mwenya anasema atakuja safari moja tu kabla barabara haijageuka tope.

Mjomba wako,
Kalenga

*

Kamalondo, 9 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Asalaam aleikum. Barua hii nitaileta mwenyewe, lakini umenizoesha kuandika. Utaisoma nikinawa miguu. Nguo za harusi amechukua jirani yangu Léa azimalize.

Niliweka karte ndani ya telefone nikiwa kazini, kati ya mashini zote. Niliwasikia njiwa. Nikamsikia ndege, na mluzi, na Shangazi akilia kwa nyuki. Kisha nikasikia jina langu. Nikasimamisha mashini, na kabla sijajua, mdomo wangu ukajibu kwa nguvu: "Tangulia, niko nyuma."

Wanawake wote wakanigeukia. Wakaniuliza kwa woga ni nani amekufa. Nikawaambia hakuna aliyekufa. Mama yangu ameniita.

Mpwa wako,
Ramla