Duara Kwenye Taa

Ruaruke, 9 Februari 2025

Mwanangu Muzdalifa,

Asalaam aleikum. Hujambo, na hao wanafunzi wako hawajakupasua kichwa? Mimi mzima, ila kichwa upande wa kulia kinanigonga tangu juzi. Ni jua tu hilo. Simu huku haishiki, ndiyo maana nampa Badru wa bodaboda karatasi.

Taa ya sola nimeiunga mwenyewe kama ulivyonichorea: waya mwekundu kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye ya kutoa. Kubonyeza swichi, hiyo! Jirani yangu Zena aliniletea fundi, akarudi naye. Sasa mkeka wako wa harusi nausuka hata magharibi ikishapita. Ila niambie, mwalimu: mbona taa imezungukwa na upinde wa mvua? Duara zima, nyekundu nje, buluu ndani. Ndivyo ilivyotengenezwa? Imenifurahisha sana.

Mama yako


Kibiti, 17 Februari

Mama mpenzi,

Waaleikum salaam. Fundi wa watu umemkosesha kazi! Mimi nipo, namshukuru Mungu. Hilo duara halikutengenezwa na mtu. Mwanga mweupe ni rangi saba zilizochanganyika. Ukipita kwenye vitone vya maji, kila rangi inashika njia yake. Ni mvuke wa jikoni tu umeganda kwenye taa. Ifute kwa kitambaa kikavu.

Barua yako nimewasomea Darasa la Sita, wakakupigia makofi. Wanalichora duara lako kwa maonyesho ya sayansi ya Aprili. Kichwa kimezee vidonge vya maumivu. Maonyesho yakiisha nakuja.

Mwanao Muzdalifa


Ruaruke, 14 Machi

Mwalimu wangu,

Ramadhani hii wajionaje? Mimi najikongoja. Jicho linauma, na jana nimetapika kabla ya futari, nikailaumu njaa. Taa nimeifuta mpaka kitambaa kimechanika. Duara limekua, na taa yenyewe inafifia. Nimemwita Zena atazame, ati haoni duara lolote. Nikamwambia, "Huna elimu wewe, wenzio Kibiti wamelichora!" Tukacheka.

Lakini ukindu mwekundu na wa kijani siutofautishi tena, hata mchana. Nisamehe mistari inapandana.

Mama yako


Kibiti, 20 Machi

Mama,

Mungu akupe nguvu ya kumaliza mfungo. Jicho ni moshi wa kuni, lioshe kwa maji baridi. Taa kufifia ni betri, umeme haufiki wote: sugua ncha za waya kwa msasa, kaza skrubu, geuza paneli ilitazame jua. Zena huenda alikaa pembeni. Mchoro umekwisha, mama, laiti ungeuona! Zimebaki wiki tatu, vumilia.

Mwanao Muzdalifa


Ruaruke, 25 Mei

Mwanangu Muzdalifa,

Asalaam aleikum. Anayeandika ni Zena, mimi nasema tu. U hali gani? Tangu uliponitoa hospitali ukanirudisha hapa, mwezi umepita bila barua yako. Pikipiki ya Badru naisikia, haisimami.

Najua kinachokuzuia. Daktari alisema ni presha ya macho, mshipa wa kuonea umeshakufa, hakuna dawa wala miwani. Akasema ningefikishwa siku zile za maduara, wangewahi. Sitakudanganya: inaniuma. Hasira ninayo, naiombea dua iondoke, bado haijaondoka. Na wewe ndiye mwanangu, sina mwingine.

Mkeka umeishia nusu. Zena anasema nilisuka kijani mahali pa nyekundu, tumefumua mara mbili, nimeuacha. Waambie wanafunzi wako mtu akiona duara ambalo jirani yake halioni, asifute taa.

Leo nimemwomba Zena aiwashe. Anasema inawaka vilevile kama siku ya kwanza, wala haijawahi kufifia. Basi haikuwa betri. Nimemwambia aizime. Njoo uifungue, uwapelekee wanafunzi wako.

Mama yako
(kwa mkono wa Zena)