Kirungu Chenye Kichwa Chekundu

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, ile mvua yetu ya Kisangani isiyo na haraka, na leo sina hamu ya kugombana na mtu yeyote.

Walionizoea hapa watashangaa. Nami nashangaa.

Wiki mbili zilizopita niliandika kwenye ukurasa huu kwamba landrova ya marehemu papa, baba yangu, itafika Bafwasende na kurudi kabla ya mwezi kwisha. Sikuandika "huenda". Niliandika itafika. Nikawaalika na wenye jeep nyeupe za vioo vyeusi, zile zinazotoka ofisini hapa Makiso, katikati ya mji, hadi kwenye baa mtaa wa pili na kurudi zimechoka, waje wasimame kando ya barabara waone gari la kweli likipita. Wengi mlinipigia makofi. Mmoja aliomba nafasi nyuma.

Leo naandika kusema kwamba haitafika.

Landrova yenyewe ni ya zamani kuliko mimi, na mimi nina miaka hamsini na miwili. Mwili wake ni wa alumini, kwa sababu walioibuni kule Uingereza walikuwa wametoka vitani, chuma kilikuwa adimu, na hata rangi ya kwanza waliyoipaka ilikuwa mabaki ya rangi ya ndege za kivita. Nimesoma mengi juu ya magari haya kuliko inavyomfaa mwanamke asiye na leseni. Kule kwao lilikuwa gari la mkulima. Huku kwetu lilishuka na mkoloni aliyekuja kukagua pamba, baadaye likawa la mapadri, la serikali, la wanajeshi. Wanafunzi wangu wa historia wananijua: huwa nawaambia anayetaka kuuelewa mkoa huu aziache nyaraka kwanza, afuate alama za matairi, aulize nani alikuwa amekaa ndani na nani alikuwa anasukuma.

Bado naamini hivyo. Ila leo nimegundua kwamba sikuwahi kuuliza swali hilo nyumbani kwetu.

Papa aliinunua landrova hiyo wakati mradi wa kahawa ulipofungwa. Alikuwa agronome, afisa wa kilimo, huko Bafwasende, na utoto wangu niliupitia nyuma ya gari hilo, juu ya magunia.

Nikisema ukweli, sitamani gari. Natamani sauti.

Njia ile ilikuwa na mashimo ya matope ya kumeza lori hadi milangoni. Papa alikuwa anasimama kabla ya shimo, anavua viatu, anaingia ndani ya tope kwa miguu mitupu kupima kina chake. Akirudi anafuta miguu kwa gunia, anakaa, anavuta kile kirungu kifupi chenye kichwa chekundu kilichokuwa kando ya goti lake. Hiyo ndiyo gia ndogo. Hapo gari linakuwa kitu kingine. Linakwenda polepole kuliko mtu anayetembea, na kutoka chini ya sakafu inapanda sauti nyembamba, ndefu, ya mtu anayelia bila huzuni. "Inalia," mama alikuwa anasema, na sisi watoto tunatulia, kwa sababu ikilia maana yake tutafika. Nimelala usingizi mara nyingi sana ndani ya sauti hiyo. Sijapata tena usingizi wa namna ile.

Tulihamia Kisangani nikiwa na miaka kumi na mitano. Mjini kirungu chekundu hakikuwa na kazi. Papa aliendesha landrova kwenda misa na sokoni, na kila Jumapili jioni alikipangusa kichwa kile chekundu kwa kitambaa mpaka kikang'aa. Kila mwaka alisema tutaenda Bafwasende wakati wa kiangazi. Viangazi vilipita. Vita vikaja, vikapita navyo. Kiangazi tutaenda, alisema.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali popote.

Miaka michache baada ya vita koko alifariki huko Bafwasende. Koko alikuwa mama mzazi wa papa. Nilimwambia papa atoe gari, twende. Akasema gari haiwezi. Nikamwuliza haiwezi nini, mbona jana imeenda sokoni. Akarudia tu: haiwezi. Tulipanda juu ya lori, yeye na mimi, tukakaa njiani siku nne, tukakwama, tukalala chini ya turubai pamoja na mapipa ya mafuta na mbuzi wa watu. Tulipofika walikuwa wamekwisha mzika. Papa alisimama mbele ya kile kifusi cha udongo mbichi, kofia mkononi, akauliza tu aliyemfunga sanda ni nani.

Safari nzima ya kurudi sikumsemesha.

Nikaandika. Hiyo ndiyo silaha niliyokuwa nayo, nikampiga nayo. Gazeti moja la hapa mjini lilichapisha makala yangu juu ya wanaume wanaopenda magari kuliko watu, wanaopangusa bati huku mama zao wanazikwa na majirani. Sikumtaja jina. Makiso yote ilijua.

Jumapili iliyofuata nilimkuta papa amekaa ndani ya landrova, anapangusa.

Aliishi miaka mingine mingi, tukapatana kama watu wanavyopatana, kwa chakula na kwa wajukuu. Lakini makala ile haikutajwa kamwe kati yetu. Amefariki sasa ni mwaka wa sita, na landrova iko uani, chini ya bati, mahali alipoisimamisha mwenyewe.

Mdogo wangu Didier, anayekaa Kinshasa, amepata mnunuzi. Ni tajiri mmoja anayekusanya magari ya zamani, anayapaka rangi, anayaweka kwenye banda lenye sakafu ya vigae. Nilipokataa, Didier alinichokoza kwenye simu, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, ile iko gari ao iko kanisa? Naona unaingia tu mule kuomba." Nikamjibu maneno ambayo sitayarudia hapa. Mwisho tukakubaliana. Ikifika Bafwasende na kurudi kabla ya mwezi kwisha, ni yangu, hatadai tena. Ikishindwa, inauzwa.

Ndipo nikaja kutangaza hapa, kwa kiburi kile mnachokijua.

Leo asubuhi alikuja Papa Amisi. Ni fundi mzee, familia yake ilitoka Maniema, na hakuna mkono mwingine ulioigusa landrova hii tangu nikiwa msichana. Mvua ilikuwa inapiga bati hata tukawa tunasemezana karibu na masikio. Alikagua breki. Akafungua, akasafisha, akaweka betri aliyokuja nayo. Akaipiga stata, ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikawaka. Nilitaka kucheka na nikaona machozi yananitoka, nikasingizia moshi.

Nikamwambia ashuke, nataka kukaa mwenyewe. Nilikaa mahali pa papa. Nilitaka kusikia sauti ile hata kwa hatua mbili tu, hapo hapo uani. Nikavuta kirungu chekundu.

Kilikuja chenyewe, kama kijiko kinavyokuja ndani ya uji. Hakikushika kitu. Papa Amisi alinionyesha jinsi ya kuachia klachi, nikaachia, gari likaguna, kimya, hakuna kulia. Nikarudisha, nikavuta tena kwa nguvu. Uji tu.

Alizima gari mwenyewe, mkono wake ukipita dirishani.

"Toka, mama. Kuja tukae."

Tulikaa barazani. Alichukua muda mrefu kufuta mafuta kwenye vidole.

"Kuko kitu moja sikukuambiaka," akasema. "Ile pignon ya gia ndogo haiko mule. Haiko tangu wakati ya vita. Ni miye na papa yako tuliitoshaka mu gari."

Pignon ni gurudumu dogo la meno, si kubwa kuliko sahani ya chai. Bila hilo gari linakwenda vizuri barabarani, mtu hawezi kujua. Linashindwa tu pale kwenye matope, pale ambapo lilitengenezwa kwa ajili yake.

Nilimwambia mengi kabla ya kumwacha aendelee. Nilimwita mwongo, nilimuuliza aliliuza kwa nani. Aliningoja nimalize kwa uso ule ule aliokuwa anaingojea nao mvua ipungue.

Kisha akanieleza. Wakati wa vita muuguzi mmoja alikuja mjini kwa miguu kutoka kituo cha afya kilichoko kwenye barabara ile. Kituo kilikuwa na landrova kama yetu, ya mwaka mmoja na yetu, na meno ya gia ndogo yalikuwa yamevunjika. Wanawake wenye uchungu wa kuzaa walikuwa wanabebwa kwa machela, na wengine hawafiki. Muuguzi alikuwa amebeba lile gurudumu lililovunjika ndani ya kitambaa, anazunguka mjini kuuliza nani analo jingine. Halikupatikana. Lilikuwepo moja, ndani ya gari la papa. Wakalitoa Jumapili, mimi na mama tukiwa misani. Muuguzi akalipitisha kwenye vizuizi vyote chini ya kapu la sombe, majani ya muhogo, maana kupeleka chuma cha gari upande wa pili wa mapigano siku hizo kulitosha mtu auawe. Aliahidi kulirudisha kiangazi kijacho.

Vita vilipokwisha alikuja kweli, amelibeba. Papa akamuuliza kama amepata jingine la kuweka kule. Hakuwa amepata. Papa akamwambia arudi nalo. Baadaye yeye na Papa Amisi waliandika barua Bunia, waliandika Kampala kutafuta jingine, walipata mawili matatu ambayo meno hayakulingana. Muuguzi alikuwa akija mjini kuchukua dawa, anapita karakana ya Papa Amisi, na papa alikuwa anamuuliza neno moja tu: inalia bado? Akiambiwa inalia, anafurahi siku nzima.

Kumbe ndiyo maana gari haikuweza. Alikuwa ananiambia ukweli, neno kwa neno.

Nilimuuliza Papa Amisi kwa nini papa hakunieleza. Hata kaburini kwa koko. Hata juu ya lile lori.

"Nilimuulizaka. Alisema: ukimuambia, ataandika. Na akiandika, batu wataenda kule kusumbua ule munganga wa kituo, watatafuta ile pignon."

"Na makala yangu? Aliisoma?"

"Aliisomea kwangu, mu karakana. Mara mbili." Papa Amisi aliangalia mvua. "Akasema: yee, mutoto anaandika muzuri. Akaikunja, akaweka mu mufuko."

Mimi ni mtu wa kujibu. Wanaonichukia hukubali angalau hilo. Leo nilimsindikiza tu Papa Amisi mpaka langoni, nikarudi.

Na tazama, ninaandika. Nimekaa kwenye meza hii tangu umeme uliporudi mchana, nikifuta na kuanza upya, nikijua kwamba papa alinisoma vizuri kuliko nilivyowahi kumsoma yeye. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza mimi, mtaja majina, sitaji. Kituo kile sitakitaja. Muuguzi hana jina hapa. Barabara ni ndefu na anayetaka kukisia akisie. Makala ile ilikuwa mbele ya watu wote, nimeona kuyameza maneno yake lazima kuwe mbele ya watu hao hao. Ndiyo sababu pekee ya kuandika. Nimejichunguza, nadhani ni sababu ya kweli.

Nimempigia Didier saa tisa. Nikamwambia haitafika. Alikuwa amejiandaa kwa vita, akabaki na maneno mkononi.

"Yaya, uko mugonjwa?"

Nikamwambia niko mzima. Nikamwambia auze, ila amweleze mnunuzi wazi kwamba gia ndogo haimo. Akauliza imeenda wapi. Nikasema papa aliitoa. Akaniambia kwamba hata yeye kule juu ya magunia alikuwa analala kwa ile sauti, kwamba mara nyingine akiwa kwenye foleni ya magari Kinshasa anafumba macho akijaribu kuikumbuka na haiji. Sikujua. Miaka yote nilidhani ni yangu peke yangu.

Sitailinda landrova tena. Kwenye banda la vigae itang'aa, na kirungu chekundu kitang'aa kuliko vyote. Nitaomba tu kukipangusa kesho, kwa kuwa ni Jumapili.

Kisha mvua ikipumzika nitapanda pikipiki kwenda njia ya Bafwasende, mimi niliyeandika kwamba pikipiki ni aibu ya taifa lisilo na barabara. Papa Amisi anasema muuguzi hajapita karakana yake karibu mwaka mzima. Pengine amestaafu. Pengine landrova ile ya kituo imelala uani kama hii yetu. Nitashuka kabla ya kituo, nikae kando ya shimo moja la matope, sitajitambulisha kwa mtu. Kama iko hai nitaisikia kabla ya kuiona.

Kama siisikii, nitakaa pale mpaka lini?